Nguo nyeusi za Jean Béraud: niliyoyaona Carnavalet kwa macho ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na hakuna kitambaa kinachonisumbua kama cheusi. Mteja anaona weusi mmoja tu. Mimi naona weusi wa sufu unaomeza mwanga, wa satini unaourudisha, na wa pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Nilipokutana na picha za Jean Béraud, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, kwenye simu, niliona mtu aliyezijua tofauti hizo. Nikaweka nia kwamba nikifika Paris nitazitafuta. Mwaka huu nilikwenda kwa dada yangu anayeishi huko, na Makumbusho ya Carnavalet nimeingia mara mbili.

Kufika ni rahisi: unashuka metro Saint-Paul, unatembea kidogo ndani ya mtaa wa Marais. Mkusanyiko wa kudumu unautazama bure, ila Jumatatu wanafunga. Ni makumbusho ya historia ya jiji lenyewe, na ndiyo yenye picha nyingi za Béraud.

Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1849, baba yake Mfaransa mchonga sanamu, akakulia Paris. Alisoma sheria, kisha baada ya vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia akaiacha, akaenda kujifunza kuchora kwa Léon Bonnat. Akawa mchoraji wa barabara, mikahawa na kumbi za starehe. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikaa ndani ya gari la farasi, analifanya karakana, anachora wapita njia kupitia dirishani. Ukisimama mbele ya kazi zake unalisadiki hilo. Watu wake hawajui kama wanatazamwa. Mwanamke ameinua sketi kidogo pindo lisiguse matope, na kitambaa kinalalia upande ambao kweli kingelalia.

Picha ya duka la keki la Gloppe, ya mwaka 1889, ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Nilisogea hadi karibu. Vioo vikubwa, keki kwenye kaunta, wanawake wanakula huku kofia zikiwa vichwani. Mafundi wenzangu, tazameni mabega na viuno: kila gauni limekatwa kwa mwili wa mvaaji, na mtu anayeshona ataona pale mshono unapobana.

Lakini iliyonishika ni ile ya nyuma ya jukwaa la Opera, nayo ya 1889. Mabinti wa baleti wamevaa sketi nyeupe nyepesi, na katikati yao wamesimama wanaume wenye makoti meusi na kofia ndefu. Hawa hawakuwa wafanyakazi wa Opera. Walikuwa matajiri wenye viti vya kudumu, na desturi iliwaruhusu kuingia huku nyuma kuzungumza na wachezaji, wengi wao wakiwa mabinti wa familia maskini. Béraud hakuandika neno la lawama. Ameweka ule weusi mzito kando ya ule weupe unaopenya mwanga, akaacha. Nilikaa hapo muda mrefu hadi dada akaja kunivuta mkono. Nimesoma mara kadhaa kwamba alikuwa mpambaji tu wa maisha ya wenye nacho, na kwamba wenzake wa rangi za harakaharaka, wale walioitwa Waimpresionisti, walimwacha nyuma. Mimi sikubali. Anayechora kitambaa kwa uaminifu kiasi hiki anamchora na mtu aliyemo ndani yake.

Msipite chumba cha kulala cha Marcel Proust, kimo humohumo. Mwaka 1897 mwandishi huyo alipopigana duwelo, yaani pambano la watu wawili kutetea heshima, kwa bastola, Béraud alikuwa mmoja wa wasimamizi wake.

Tahadhari moja. Nilinunua nakala ya karatasi kwa muuzaji wa barabarani, nikitaka kuitundika dukani. Nimejuta. Ule weusi wote umekuwa kijivu kimoja, makoti yanaonekana kama yamekatwa kwa karatasi. Hela hiyo iwekeni. Paris Musées, taasisi inayosimamia makumbusho ya jiji, wameweka mtandaoni maelfu ya picha za makumbusho ya jiji, nyingi ni bure kupakua, na unaweza kuzikuza hadi uone alama za brashi.

Huko ndiko nilikoipata picha ambayo sikuiona ukutani: mafundi wa kike wa nyumba ya mitindo ya Paquin wanatoka kazini, barabara ya Rue de la Paix. Hawa ndio walioshona magauni ya mabibi wale. Béraud amewapa barabara nzima, wamevaa nadhifu, wanatembea pamoja mchana kweupe. Nimeipeleka studio ya picha, ikachapwa kubwa kwenye karatasi nzuri, na weusi umetoka vizuri. Iko juu ya cherehani yangu sasa.