Nimeuziwa nzi waliokufa, na bado nikachekwa

Sijawahi kulalamikia duka mbele za watu. Hata fundi aliyeniharibia gauni la harusi nilimsamehe. Lakini huyu muuza chambo wa hapa Leeds, Uingereza, huyu simwachi.

Mwanangu ana vunjajungu. Si wale wa majanini kwetu Tanga. Huyu kanunuliwa, ana kibanda chake cha wavu, na anakula kuliko mgeni wa msibani. Mama yangu alipomwona kwenye simu alishtuka: "Mwanangu, umekwenda Ulaya kufuga mdudu wa kuvunjia watu vyungu?" Nikamwambia, mama, afadhali angevunja vyungu. Huyu anataka nzi, tena wazima. Kisichocheza mbele ya macho yake hakigusi.

Huku unanunua funza wa nzi, au pupa, yaani funza aliyejifungia ndani ya ganda akingoja kuwa nzi, kwenye maduka ya wavuvi wa ndoana, unaweka kwenye friji ili baridi iwacheleweshe, kisha unatoa kidogo kidogo kwa kadiri ya tumbo la mdudu wako. Pupa ukiiacha kwenye joto la chumbani inageuka rangi, kutoka ya machungwa hadi hudhurungi hadi karibu na weusi, halafu nzi anatoka. Rahisi kuliko kuku. Ndivyo nilivyoambiwa.

Nikanunua pupa. Yule bwana akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaukamua hewa yote, akapiga fundo la kufa. Nami nikautia kwenye friji vilevile, nyuma ya mtindi. (Baba watoto aliuliza ni nini, nikamwambia kunde. Mungu anisamehe.) Baada ya siku nyingi nikatoa kiganja kimoja, nikaweka kikombeni juu ya kabati. Wiki ikapita. Ya pili ikaelekea kwisha. Nikapasua moja kwa ukucha: ndani uji mweusi, na harufu yake, jamani, dagaa waliosahaulika juani wana nafuu.

Nikarudi dukani na mfuko wangu. Foleni ya wanaume wenye makoti ya mvua. Nikaeleza kwa adabu, kama nilivyolelewa. Bwana akachungulia, akasema, "Mpenzi," maana huku kaskazini muuza duka humwita kila mtu mpenzi, hata bibi kizee, "hizi ni za samaki. Samaki haulizi kama kitu kimekufa." Kisha akapaza sauti: "Kwani wewe ulitaka ziwe nzi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akavuma puani kama nzi! Nimeshachekwa nchi hii kwa lafudhi, kwa ushungi, kwa kuomba kupunguziwa bei. Kwa ajili ya nzi ilikuwa mara ya kwanza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alijua. Mvuvi anataka pupa changa, inayozama. Ikiendelea kukomaa inaanza kuelea, na kwake haina kazi tena. Ndiyo maana wanazibana hewa. Mfuko ukifunguliwa kila siku zikapata pumzi, zinavumilia. Ukisahaulika, zinakufa kwa kukosa hewa. Maneno matatu tu yangetosha: fungua kila siku. Kinywa cha kunicheka alikuwa nacho, cha kunieleza hakuwa nacho.

Sasa, haki ya mtu nisiile. Kabla sijatoka alichota funza wazima na unga wa mbao, akanisukumia kopo bila kuomba radhi, kama anayemtupia paka kichwa cha samaki. Bure. Na wale funza, wallahi, walikuwa funza kweli. Nikatoboa kifuniko, nikawa natoa waliokufa kila siku, nusu nikawaacha kwenye friji, nusu nikawaweka mezani wageuke pupa.

Mwanangu akawaonea huruma, akawanyunyizia maji "wanywe". Sikujua kwamba funza akilowa anagandamana na plastiki, anapanda ukuta kama mjusi. Alfajiri naenda kutawadha nakuta msafara juu ya mlango wa kabati la vyombo. Hilo si kosa la duka. Nililitukana duka hata hivyo.

Waliobaki waligeuka, na nzi wakatoka, wakubwa, wa buluu inayong'aa. Niliwapa maji ya sukari kwanza, maana nzi mwenye njaa ni ganda tu. Halafu nikaingiza kikombe kwenye friji dakika chache wakalegea, nikawamimina kibandani kabla hawajazinduka. Wa kwanza alipotikisa bawa tu, vunjajungu akamdaka kwa mikono yake ile ya kuombea dua. Mwanangu alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo pupa zao: sifuri. Funza wao: nyota nne, na nimejaribu maduka mengine mawili, hayawafikii. Yeye mwenyewe: chini ya sifuri.

Ila juzi nilikwenda tena, ningefanyaje. Hakuinua macho. "Walitoka?" Nikajibu, "Walitoka." Akajaza kopo langu la painti kwa funza, akaongeza kiganja juu. Sikumshukuru.

Haya, nyota mbili. Tatu, siku atakapoacha kuniita mpenzi.