Seti ya mipira ya bocha: tathmini baada ya muhula mmoja kitengoni

Kwa muhula mzima watoto wa kitengo chetu cha elimu maalumu, wengi wao wakiwa na mtindio wa ubongo, wamecheza bocha, mchezo wa kutupa mipira kuelekea mpira wa shabaha, pamoja na wenzao wa darasa la nne, nami nimeridhika sana na mipira yenyewe.

Seti ina mipira 13: 6 myekundu, 6 ya buluu na mmoja mweupe ambao ndio shabaha, na anayeifikisha mipira yake karibu zaidi na huo mweupe ndiye anayepata pointi. Kila mpira una uzito wa gramu 275 hivi, nao unabonyea kidogo, kwa hiyo hata vidole vilivyokakamaa huweza kuushika, tena ukitua haukimbii ovyo. Mchezo huu, uliomo katika Paralimpiki tangu 1984, huchezwa kwa kukaa, hivyo mtoto asiye na ulemavu huvuta kiti na kutupa kwa masharti yale yale.

Kinachonifanya niuthamini zaidi ni mfereji. Mtoto asiyeweza kurusha huteremsha mpira kwenye mfereji ulioinama, na kanuni inamtaka msaidizi wake aupe uwanja mgongo, asione mpira mweupe uko wapi, bali ausogeze mfereji kama anavyoelekezwa tu. Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye huzungumza kwa macho na kichwa, alimwelekeza mwenzake kushoto, kulia, kisha kushoto tena kwa karibu dakika nzima, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Sisi walimu tumezoea kuwaamulia watoto hawa hata upande ambao kiti kielekee. Siku ile yeye ndiye aliyeamua, na sote tukasubiri.

Mfereji, hata hivyo, haukuwamo katika seti. Tulipasua kwa urefu bomba la plastiki la inchi 4, likatosha vizuri. Maelezo yaliyoambatana yalikuwa ya Kiingereza pekee, jambo linalomwacha pembeni mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe nyumbani. Mishono ya mipira miwili ilifumuka kwa sababu tulianzia kwenye uwanja wa changarawe. Inahitaji sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Shule yenye watoto wengi wasioona inunue kwanza mpira wa kengele, kwa kuwa mipira hii haitoi sauti yoyote ya kumwongoza mtoto.