Clash of Clans kwa anayeanza: vito vyako vinaishia wapi

Mchezo huu wa simu wa kujenga kijiji ni wa bure, na unaweza kufika mbali bila kulipa. Vito ni sarafu yake ya ndani, inayouzwa pia kwa pesa halisi. Ninachopima hapa ni saa chache za mwanzo, maana ndipo kidole kinapozoezwa kutumia vito.

Unaanza na vito 500. Mafunzo ya mwanzo wa mchezo yanakuelekeza ununue kibanda cha fundi wa pili, yaani mjenzi wa majengo yako, kwa 250, na hapo hupotezi kitu: fundi ukishampata ni wako daima. Balaa liko kwenye 250 vinavyobaki. Majengo ya mwanzo huchukua sekunde au dakika chache tu, kitufe cha kumaliza papo hapo kiko palepale, na bei ni kito kimoja au viwili. Nani ataona? Ila bei ya muda haipandi sawasawa: dakika 1 ni kito 1, saa 1 vito 20, siku 1 vito 260, wiki 1 vito 1,000. Ukiharakisha dakika mojamoja unalipa kwa kiwango cha vito 60 kwa saa. Ukiharakisha wiki nzima, kama 6 tu. Yaani muda mfupi, ambao ungeisha ukiwa unachemsha chai, ndio ghali kuliko wote.

Kinachouzwa hasa ni mafundi. Kila jengo linamshika fundi mmoja mpaka liishe, na jumba kuu, jengo linaloamua ngazi ya kijiji chako, likipanda ngazi, kazi moja inaweza kula siku kadhaa. Wa tatu ni vito 500, wa nne 1,000, wa tano 2,000. Sasa tazama vifurushi vya dukani: 80, 500, 1,200, 2,500 na kuendelea. Cha 1,000 hakipo. Ukichukua 1,200 kwa ajili ya fundi wa nne, vinabaki 200: havinunui fundi mwingine, lakini vinaharakisha kazi ya zaidi ya nusu siku. Navyo huondoka hivyohivyo.

Kwa hiyo usiguse vile 250. Ng'oa miti na vichaka, kila kimoja hutoa vito 0 hadi 6. Sanduku la vito likitokea lina 25, na mafanikio ya mwanzo, yaani malengo yenye zawadi ukiyatimiza, yanaongeza. Fundi wa tatu atapatikana bila kutoa senti.

Angalia pia dirisha linalofunguka dhahabu au eliksiri (rasilimali za kujengea) ikipungua: linajitolea kujaza pengo kwa vito. Lifunge, rudi baadaye. Ofa zenye saa inayohesabu kurudi nyuma nazipa alama ya chini kabisa, kwani hukujia ukiwa umetoka kupandisha jumba kuu na kila kitu kipya kinahitaji rasilimali.

Simu ikichezewa na mtoto, nenda kwenye mipangilio ya Google Play, sehemu ya uthibitishaji, uweke nenosiri lidaiwe kwa kila ununuzi. Kwenye iPhone, zuia ununuzi wa ndani ya programu kupitia vizuizi vya muda wa skrini.

Nyota 3 kati ya 5.