Programu ya tafsiri ya simu katika safari ya kupanda miamba Ugiriki: uzoefu wangu

Mwezi Oktoba mwaka jana nilisafiri kutoka Dodoma hadi kisiwa cha Kalymnos, Ugiriki, kupanda miamba, nikiwa sijui neno hata moja la Kigiriki na Kiingereza changu kikiwa cha kuulizia njia na kuagizia chakula tu. Mipango yote, tangu kutafuta chumba hadi kukodi vifaa, niliifanya kwa msaada wa programu ya tafsiri ya kwenye simu, toleo la bure. Ninaieleza hapa kwa sababu tathmini zote nilizozisoma kabla ya safari ziliandikwa na watu wanaotafsiri kutoka Kiingereza au Kifaransa, ilhali Kiswahili kina mitego yake ambayo watu hao hawawezi kuijua.

Nilijifunza kupanda kwenye majabali ya granaiti yanayouzunguka mji wetu, ambako mtu hutegemea nyufa na mshiko wa soli. Kalymnos ni mawe ya chokaa yenye mapango na miamba inayoning'inia, na bolti za kupitishia kamba zimekwisha kufungwa ukutani. Mwitaliano Andrea di Bari alipofika mwaka 1996 aliona kuta hizo zinafaa kwa mchezo huu, na leo kisiwa kina njia zaidi ya 3,000. Nyingi ni ndefu, nyingine hufikia mita 35 na zaidi, na kwa kuwa mpandaji hushushwa kwa kamba inayokwenda hadi juu na kurudi, ukuta wa mita 35 unahitaji kamba ya mita 70. Kamba ikiwa fupi na ncha yake haina fundo, humponyoka anayeishika chini kabla mwenzake hajafika ardhini. Kwa hiyo swali la kwanza nililomwandikia mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye tangazo lake lilisema anakodisha vifaa, lilikuwa hili: "Je, mna kamba? Bei gani?"

Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo: ndiyo, wapo, wabichi kila asubuhi, na bei ni kwa kilo. Nililisoma mara tatu. Programu ilikuwa imechukua kamba wa baharini, yule tunayemla, na kuiacha kamba ya kufungia. Programu za namna hii mara nyingi hupitisha Kiswahili katika Kiingereza kabla ya kufika Kigiriki, na neno lenye maana mbili likishachaguliwa vibaya katika hatua ya kwanza, hakuna wa kulirekebisha mbele ya safari. Kitenzi "kupanda" kilinipa taabu hiyo hiyo, maana nilipoandika kwamba tunataka kupanda asubuhi na mapema, tafsiri ilizungumzia mbegu.

Tangu siku hiyo nilibadili uandishi wangu. Niliandika sentensi nzima yenye kitu, kipimo na matumizi: "Tunahitaji kukodi kamba ya kupandia miamba yenye urefu wa mita 70." Kisha nilichukua Kigiriki kilichotoka na kukirudisha katika Kiswahili ili nione kama maana imebaki. Kazi hii huongeza dakika chache kwa kila ujumbe, lakini baada ya hapo sikupata jibu la kunipotosha tena, na ninaishauri kwa moyo wote kwa yeyote anayetumia Kiswahili chenye maneno kama kaa, paa na panda.

Mahali programu iliponisaidia kuliko nilivyotarajia ni kwenye nyaraka. Viza ya nchi za Schengen, kundi la nchi za Ulaya ambalo Ugiriki imo, hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, nami nilikuwa karibu kulipia bima moja ya bei nafuu. Nilipoelekeza kamera ya simu kwenye masharti yake ya Kiingereza, nikakuta kifungu kinachoondoa ajali za kupanda miamba kwa kamba. Nilitafuta nyingine. Kwa kifungu hicho pekee programu imenilipa muda wangu wote. Kamera ilisoma vizuri pia mabango ya bandari ya Mastichari katika kisiwa cha Kos, tulikopanda boti ya kwenda Pothia, bandari ya Kalymnos, na vibandiko vya dawa dukani. Mwandiko wa mkono iliushindwa kabisa. Kwenye njia ya kuelekea miamba ya Armeos kuna lango la waya lenye ubao ulioandikwa kwa rangi, na simu ilinipa herufi zisizo na maana, lakini nilipoona mavi ya mbuzi nilijua ubao unasema nini, kwani nimekulia kwenye zizi. Nilifunga lango nyuma yetu.

Mambo mengine hayamo kwenye programu. Neno la Kigiriki la "ndiyo" ni "ne", ambalo kwa sikio lililozoea Kiingereza husikika kama kukataa. Kukataa kwenyewe mara nyingi hufanywa bila neno, kwa kuinua nyusi, kurusha kichwa nyuma kidogo na kutoa sauti fupi ya ulimi iliyo karibu sana na msonyo. Siku ya kwanza mzee wa dukani aliponijibu hivyo niliumia, nikidhani amenisonya, kumbe alikuwa akisema mkate umekwisha. Kusalimia pia nilijifunza nje ya simu. Sisi wa Dodoma hatuanzi kuuliza bei kabla ya "mbukwa", nami niliona "kalimera" ikifungua nyuso za watu kuliko sentensi ndefu iliyosomwa na mashine.

Ukutani simu haina kazi, na hapa ninasisitiza. Mikono yote miwili iko kwenye mwamba, na anayeshika kamba yuko mita 20 chini yako. Kiongozi tuliyemkodi kwa siku mbili hakuwa na lugha moja nasi, kwa hiyo nilimfundisha maneno matatu ya Kiswahili: kaza, legeza, shusha. Katika njia ya pili upepo ulivuma kutoka baharini, nami nilipoomba "legeza" ili niingize kamba kwenye bolti, yeye alisikia "za" ya mwisho tu, akakaza, akanivuta nikakosa mshiko. Sikuumia. Tuliposhuka tulikaa chini tukabadilisha, "legeza" ikawa "lete", na tukakubaliana kwamba kabla ya kila neno ninamwita jina lake. Tulijaribu maneno hayo tukiwa ardhini, mmoja akisimama mbali na kugeuza mgongo, hadi hakukosea.

Kwa chumba, boti, duka la dawa na masharti ya bima, ninaipa programu nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya kamba. Namba ya dharura ya Ulaya, 112, pamoja na sentensi ya Kigiriki ya kuomba msaada na jina la eneo tulilokuwepo, niliziandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuiweka ndani ya mfuko wa chaki ya kukausha jasho la mikono, ambamo haihitaji chaji wala mtandao.