Maxxis Rambler ya upana wa milimita 45: tairi la baiskeli la mawe makavu, Kajiado hadi Almería

Wengi wanaonunua tairi la kupelekea milima mikavu ya kusini mwa Uhispania hutazama meno kwanza. Tazama mbavu, yaani kuta za pembeni za tairi. Ukipanda kutoka Tabernas, mkoani Almería, kuelekea kilele cha Calar Alto, kwenye safu ya Sierra de los Filabres, unatoka jangwani hadi mita 2,168 juu ya usawa wa bahari, na mawe mengi ya huko ni bapa, yanabanduka kama vigae, kingo zake zinakata. Gurudumu la mbele hulikanyaga jiwe upande mmoja, jiwe linainuka wima, na gurudumu la nyuma linakuta wembe unaolisubiri. Ndiyo maana huko tairi la nyuma hupasuka ubavuni wakati la mbele halina hata mkwaruzo.

Rambler ya 700x45C huuzwa kwa miili miwili na jina liko ubavuni, kwa hiyo soma kabla ya kulipa. EXO ina kitambaa kigumu kwenye mbavu peke yake. SilkShield ina tabaka la kinga linaloanzia ukingo mmoja, linapita chini ya meno na kuishia ukingo wa pili. EXO ni laini zaidi, inapokea mashimo vizuri na ina uzito wa nusu kilo hivi. SilkShield ni nzito kidogo na ngumu kidogo, na ukizoea EXO utahisi mikono ikitetemeka zaidi. Kwa safari ya Andalusia funga SilkShield nyuma na EXO mbele. Kwa wikendi za Kiserian na Ngong, EXO mbili zinatosha kabisa.

Njia ya kulipima ukiwa Nairobi ni ile ile kila mtu anaijua: Kiserian, Kona Baridi, kisha kuteremka barabara ya Magadi na kuchepuka kwenye njia za changarawe upande wa Olorgesailie. Ukame upo, jua lipo, kivuli hakuna. Lakini usidhani umeshaijaribu Uhispania. Mawe ya Bonde la Ufa ni ya volkano, meusi na yenye ukali wa msasa. Kazi yake ni kusaga meno ya tairi polepole kuliko kukata mbavu. Adui wa huku ni mwiba wa mgunga.

Mwiba huo unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndio unaowafanya watu waseme tairi ni bovu. Mwiba mfupi hauna neno: uchomoe, zungusha gurudumu mpaka tundu likae chini, subiri dawa ya kuziba, ile ya majimaji inayokaa ndani ya tairi hili lisilo na tyubu, itoke povu jeupe kisha ikome. Mwiba mrefu hupenya mpira, ukafika hadi kwenye utepe unaofunika tundu za spoku ndani ya rimu na kuutoboa. Hapo upepo hautoki tena kwenye tairi. Unatokea kwenye tundu za spoku na pembeni mwa valvu, na mtu anahangaika kutafuta pancha kwenye mpira ambao umeshajiziba. Ukisikia upepo ukivuja kwenye spoku, acha kuongeza dawa. Utepe umetoboka, na njiani dawa yake ni tyubu tu.

Na kabla ya kutia tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitambaa, si kidole. Vichwa vya miiba vilivyokatikia ndani vitanasa nyuzi na utavijua mahali vilipo. Ving'oe kwa koleo ndogo au ncha ya kisu, vyote, hata vile ambavyo dawa ilikuwa imevifunika. Mtu akiacha kimoja atatoboa tyubu mpya kabla hajaiona lami.

Kufunga tairi lisilo na tyubu si kazi ya fundi peke yake, ingawa mafundi wengi wa pembeni mwa barabara hawajaizoea na wengine watakushauri utie tyubu ulale salama. Safisha rimu kwa spiriti. Bandika utepe uliozidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, ukiuvuta kwa nguvu, mizunguko miwili, na mwisho wake upite tundu la valvu kwa sentimita 10. Tundu litoboe kwa msumari uliopashwa moto. Ukikata kwa kisu, utepe utaendelea kuchanika kutoka kwenye kona za mkato. Kaza nati ya valvu kwa vidole. Spana itaminya mpira wa chini mpaka uvuje, na siku ukihitaji kuifungua huko porini hutaweza.

Rambler mpya huwa imekunjwa, kingo zake zimelala ndani. Itundike juani saa moja, kisha ivae kwenye rimu na upake kingo maji ya sabuni. Pampu ya kawaida inaweza kushindwa kuikalisha. Kompresa ya kituo cha mafuta inaweza, mradi uwe na adapta ya kugeuza valvu ya Presta, ile nyembamba ya baiskeli, iwe kama ya gari. Watu husahau kulegeza kijinati cha juu cha valvu kabla ya kufunga adapta, halafu wanalaumu mashine. Jaza kwa vipigo vifupi na usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni. Utasikia mlio wa kwanza ukingo mmoja ukikaa, na wa pili baada yake. Kagua mstari mwembamba ulioko juu ya rimu pande zote: ukizama mahali fulani, tairi halijakaa hapo na litayumba.

Baada ya hapo toa upepo, ng'oa kiini cha valvu, mimina dawa mililita 100 hadi 120 kwa kila tairi. Chupa za dawa hushauri kidogo zaidi au pungufu, lakini kwa miiba yetu mililita 60 ni kujidanganya. Rudisha kiini, jaza upepo, laza gurudumu juu ya ndoo dakika 10 kila upande. Kwa joto la Kajiado ongeza dawa kila baada ya miezi miwili. Kipimo rahisi: tikisa gurudumu karibu na sikio. Kimya maana yake imekauka.

Kuhusu upepo, tairi la 45 kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 23, uzito wa mtu, baiskeli na mizigo ukiwa kilo 95: anza na psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 28 mbele na 32 nyuma. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza mbili. Ukikaza hadi 45 kama wanavyofanya waliozoea lami, tairi linaruka juu ya kila kijiwe na meno ya pembeni hayashiki chochote. Kumbuka pia kwamba kipimo cha asubuhi si cha mchana. Kutoka baridi ya Kona Baridi hadi joto la Magadi, jua litaongeza psi 3 hivi, na kushuka zaidi ya mita 1,000 kutaondoa karibu 2 kwa sababu hewa ya nje ni nzito zaidi bondeni. Kwa bahati vitu hivyo viwili vinakaribia kufutana. Usiku kukiwa na baridi hali inageuka, basi pima tena kabla ya kuondoka kambini.

Kwenye lami meno ya katikati yamebanana, na tairi linateleza vizuri bila ule mvumo wa tairi la baiskeli ya mlimani. Meno ya pembeni ndiyo yanayolipia bei kwenye kona za changarawe inayoteleza, ilimradi uilaze baiskeli. Ukipinda ukiwa wima hayagusi ardhi. Kwenye mikondo mikavu ya mito, ambayo Waspania huiita rambla, mchanga ukiwa mzito milimita 45 huelea kiasi. Hapo weka gia nyepesi, kaa nyuma na usiguse breki ya mbele.

Tope ni habari nyingine. Udongo mweusi wa Kitengela na Isinya ukilowa unajaza nafasi kati ya meno kwa mizunguko michache, kisha unajaza uma. Hakuna tairi la changarawe linalopona hapo, na ule udongo wa mfinyanzi wa Tabernas na Gorafe una tabia hiyo hiyo siku mvua ikinyesha. Beba kijiti cha kukwangulia. Na kabla ya kununua 45, pima fremu: ukikosa angalau milimita 4 kila upande kwenye uma wa nyuma, chukua 40 na uache ubishi, maana mawe madogo yanayonasa pale yatakwangua rangi na baadaye fremu yenyewe.

Bei ndiyo inayouma. Kwa pesa ya jozi moja mtu anapata baiskeli ya mtumba inayoendesheka. Ukiendesha zaidi lami ya mjini kwenda kazini, usinunue. Meno ya katikati ya tairi la nyuma yatakwisha kwanza na utakuwa umelipia mbavu usizozihitaji.

Anayekwenda Uhispania aongeze kwenye begi: nyuzi za mpira za kuzibia tundu na kishikizo chake, kiini cha valvu cha akiba, tyubu mbili, sindano nene na uzi wa nailoni wa fundi viatu, na kipande cha tyubu tupu ya dawa ya meno, urefu wa sentimita 6. Ubavu ukichanika zaidi ya sentimita moja, nyuzi za mpira hazitashika: shona mishono minne au mitano, laza kile kipande ndani, tia tyubu, na usijaze zaidi ya psi 30. Mitungi midogo ya gesi ya CO2 ya kujazia tairi, uliza shirika la ndege kabla ya kufunga boksi. Hata ikiruhusiwa, dawa nyingi za mpira huganda zikikutana na gesi hiyo, kwa hiyo pampu ya mkono ibaki.

Ukifika Almería, karibu na usawa wa bahari, geji itasoma psi 2 na nusu hivi pungufu ya ilivyosoma Nairobi, hata kama hukupunguza upepo kwa ajili ya ndege na halijoto ni ile ile. Si uvujaji. Jaza, tikisa gurudumu usikilize dawa, ndipo uelekee mlimani.