Fomu ya ridhaa katika kliniki ya upasuaji mdogo
Upasuaji wenyewe sina neno nao. Jeraha lilipona vizuri. Kasoro ni fomu ya ridhaa, niliyowekewa mbele nikiwa nimekwisha kuvaa gauni la upasuaji, huku muuguzi akinionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi kabla sijaelezwa madhara yanayoweza kutokea wala tiba mbadala. Sahihi peke yake si ridhaa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo mno, palikuwa na kipengele cha kuruhusu sampuli zangu zitumike katika utafiti, ilhali Tamko la Helsinki la mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, linataka mshiriki wa utafiti aelezwe kwanza, kisha akubali kwa hiari. Nilikikata kwa kalamu. Muuguzi hakubisha, nampongeza kwa hilo, na nakala nilipewa papo hapo.