Begi la Kupanda Nalo Ndegeni: Lipi Linastahili Pesa Yako?

Ukiingia dukani, liinue begi likiwa tupu kabla hujatazama rangi wala kuhesabu mifuko. Mashirika mengi ya ndege hayataki mzigo wa mkononi uzidi kilo 7. Emirates ni mojawapo, kwa abiria wa daraja la kawaida. Sanduku gumu la magurudumu manne huweza kula kilo 3 kabla hujatia hata soksi.

Ndiyo maana naliweka nafasi ya kwanza begi la mgongoni la lita 35 hadi 40, lenye zipu inayozunguka pande tatu, likafunguka kama sanduku. Mengi huwa na kilo moja na nusu hivi. Yale yanayofunguka juu tu waachie wapanda milima. Shati unalolitaka huwa chini kabisa, na utalipekua begi zima mbele za watu. Tafuta mkanda wa kiunoni, maana ndio unaoshusha uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Mfuko wa kompyuta uwe upande wa mgongoni, la sivyo begi litakuvuta nyuma.

Nafasi ya pili ni begi la kitambaa la magurudumu mawili. Wauzaji husifia manne kwa sababu yanateleza vizuri kwenye sakafu ya duka. Lakini manne huchomoza chini, na vipimo vya mashirika huhesabu magurudumu na mpini pia. Mawili huzama ndani ya fremu na huvumilia njia mbovu. Kama una maumivu ya mgongo, hili ndilo lako la kwanza, wala sitabishana nawe.

Sanduku gumu ni la tatu. Linamfaa anayebeba vitu vya kuvunjika, basi. Hufunguka nusu kwa nusu, likataka kitanda kizima, na likizidi kidogo halibinyiki kuingia kwenye kipimio cha langoni.

La mwisho ni begi la begani. Ni jepesi kuliko yote, ila kilo 7 kwenye bega moja ni adhabu.

Lolote utakalochagua, sentimita 55 kwa 35 kwa 20 hukubalika karibu kote kama mzigo wa kuweka juu ya kiti. Soma tiketi yako kwanza, kwani ile ya bei ya chini kabisa ya shirika la Ryanair hukupa begi dogo la chini ya kiti tu.

Na vile vifuko vya kubana nguo? Nunua kimoja ukipenda, kwa ajili ya sweta. Hupunguza nafasi inayoliwa na nguo, lakini mizani haidanganyiki. Pesa iliyobaki nunulia mizani ndogo ya kuning'iniza begi, upime nyumbani.